Muuzaji Aliyekuja na Bomba Lake

Nakumbuka Jumatano moja, siku ya mnada wa mifugo hapa Garissa, nilipomtukana mwalimu wangu wa kazi mbele ya watu, naye akanijibu kwa kunikabidhi nyundo. Ngoja, mwanangu, nisikimbie. Nikikianza kisa hiki mkiani utadhani kinahusu nyundo, na sivyo. Kinahusu kile kifaa ulichonionyesha jana kwenye simu yako.

Ulisimama mlangoni mwa karakana, jua likikupiga kisogoni, ukanisogezea ile video. Bwana mmoja amevaa glavu safi (nani anayechomelea vyuma akabaki na glavu safi namna ile?), akavuta wenzo mara moja, na ncha ya bomba ikakatika kwa mviringo, laini, tayari. Ukaniambia, "Adeer, tuagize hii, tutamaliza kazi ya wiki kwa siku moja." Mimi nikachukua kikombe changu cha chai nikaenda zangu. Najua ulinuna. Najua pia uliwaambia wenzako kwamba mzee huyu ameshikwa na ukongwe, hataki mashine. Walikuja kuniambia, usidhani hawakuja.

Sikatai mashine. Mimi ni mtu wa shaka tu, na shaka yangu ina historia. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nawaheshimu wahenga, lakini jembe baya linachelewesha palizi tu. Kifaa kibaya cha kukatia bomba kinaweza kumuua mtu ambaye hata hakuwapo siku lilipokatwa.

Tuelewane kwanza, maana karakana yetu imeingiwa na vijana wapya na sitaki mmoja wao aachwe nyuma. Bomba likikutana na bomba, ncha ya moja lazima ikatwe kwa kupinda ili ifuate mgongo wa lile jingine na kulikumbatia bila kuacha nafasi. Mkato huo ndio tunaouita mdomo wa samaki. Mdomo ukikaa vizuri, moto unashika pande zote na mabomba mawili yanakuwa kitu kimoja. Ukikaa vibaya panabaki pengo, na pengo halina adabu. Litanyamaza siku zote lori likiwa tupu, lije kusema siku limebeba mzigo.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nafanya kazi chini ya fundi aliyeitwa Mutua. Alikuwa Mkamba kutoka Mwingi, ameishi Garissa miaka mingi kuliko umri wangu, na Kiswahili cha karakana hii kilianza naye, kwa sababu yeye hakujua Kisomali cha kutosha na mimi Kikamba sijui hadi leo. Alikuwa mtu mkimya. Ukimwuliza jambo, anaangalia chuma kwanza ndipo akuangalie wewe. Midomo ya mabomba alikuwa akiikata kwa grainda, baada ya kuzungushia bomba karatasi ya katoni aliyoichora mwenyewe, na kila mkato ulikuwa unakula muda kama kuchinja kuku kwa wembe. Mwaka mzima hakuniruhusu kuikata. "Wewe chomelea," ananiambia. "Mdomo niachie."

Basi nikaanza kumshuku. Nilijiambia ananificha kazi. Na watu wa mji, Mungu awasamehe, walinisaidia kuamini hivyo. Nikienda kunywa chai, mmoja ananong'ona, "Bare, huyo si wetu. Hatakufundisha mpaka mwisho, atakuachia mkia tu." Nikaanza kumchunguza. Akiongea na mteja kando, nahisi ananisema. Akikunja zile karatasi zake na kuzitia mfukoni, naona mwizi anaficha mali. Na kumbe zilikuwa zinakunjwa kwa sababu upepo wa huku unajulikana.

Sasa akaja mjomba wangu, ndugu wa mama, Abti Nuur. Abti ndivyo tunavyomwita mjomba. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Anawanunua Griftu, kule Wajir, anawaleta huku kwa lori. Alikuwa amepata lori jipya kwake, kuukuu kwa mwenyewe wa kwanza, akataka tulifungie fremu ya mabomba nyuma: pande zote, na juu mabomba ya kukatiza.

Wewe umeyaona malori hayo ukadhani yale mabomba ya juu ni ya turubai. Hapana. Pale juu hukaa mtu. Ng'ombe akichoka njiani na kulala, wenzake humkanyaga hadi afe, kwa hiyo mchungaji hukaa juu ya bomba la katikati safari nzima, miguu ikining'inia, macho chini, na ng'ombe akipiga magoti tu yeye hushuka kumwinua. Barabara ya Griftu unaijua. Na aliyekuwa akifanya kazi hiyo kwa Abti Nuur ni kaka yangu Yasin, mtoto wa mama yangu, aliyenibeba mgongoni mwaka wa ukame tulipohama. Bomba lile la katikati lilikuwa kiti chake. Mimi ndiye niliyekuwa nakitengeneza.

Siku zile zile akaingia mjini binamu yangu Guled, mwana wa adeer yangu, yaani ndugu wa baba, aliyekuwa akileta vifaa kutoka Nairobi. Kijana mcheshi, kanzu nyeupe, mdomo mtamu. Akafungua sanduku akatoa mashine ya kukata midomo: nyekundu, nzito, ina wenzo mrefu na meno mawili ya chuma yanayouma bomba katikati. Akatoa pia kipande cha bomba kutoka begi lake, akakitia, akavuta. Kacha! Mdomo wa samaki huo hapo, umekatika safi. Nilipiga makofi, wallahi, kama mtoto.

Mutua hakupiga makofi. Aliokota kile kipande, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakigeuza, kisha akauliza swali moja tu.

"Mbona umekuja na bomba lako?"

Guled akacheka. "Fundi, ni la kuonyeshea tu."

"Hapa bomba zimejaa. Chukua hii yetu, kata."

Guled akasema hana muda, wanamngoja kwingine, na kwani huyu mzee hamwamini? Akaniangalia mimi. Na mimi damu ikanichemka. Mwanangu, nisikilize vizuri hapa, maana kosa lenyewe ndipo lilipozaliwa. Sikulisikia lile kama swali la fundi. Nililisikia kama tusi kwa ukoo. Mtu wa nje anamwuliza mwana wa adeer yangu, mbele yangu, maswali ya mtuhumiwa! Nikamwambia Mutua kwamba Guled na mimi babu yetu ni mmoja, hawezi kunidanganya. Mutua akasema, "Mimi sijauliza babu. Nimeuliza bomba." Akarudi kwenye kazi yake.

Nikainunua mashine ile kwa akiba yangu mwenyewe, jioni, bila kuvuta wenzo hata mara moja. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini nani angeniambia nikasikia?

Wiki ile Mutua akafiwa kwao Mwingi, akaondoka. Kabla ya kupanda basi akaniambia, "Midomo ya fremu ngoja nirudi. Chomelea zile za pembeni nilizokata." Nikaitikia ndiyo. Moyoni nikasema, leo ndiyo leo. Nitaimaliza fremu peke yangu, akirudi akute jina langu limekaa mjini.

Nikatia bomba la kwanza kwenye mashine. Bomba la kazi yetu, lile nene la maji, si yale mepesi ya viti na vitanda. Nikavuta wenzo. Hakuna kitu. Nikauongeza urefu kwa kuuvisha bomba jingine, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Meno yakauma, lakini badala ya kukata yakaponda. Ncha ya bomba ikabonyea kama chupa ya plastiki iliyokanyagwa, mdomo ukawa wa kina kifupi, masikio mawili yamepinda. Nililisogeza kwenye bomba la pili, na katikati pakabaki pengo la kuingiza kidole hiki cha mwisho.

Unajua nilimshuku nani? Si mashine. Si Guled. Nilimshuku Mutua! Niliinama nikachunguza yale meno, nikaona mkwaruzo mdogo, nikajiambia: huyu mzee ameyapiga tupa meno ya mashine yangu kabla ya kusafiri ili niaibike. Mtu aliyekuwa kwenye mazishi ya dada yake. Nilikaa na wazo hilo siku mbili, nikalinenepesha. Nyani haoni kundule, mwanangu, na mimi wakati huo nilikuwa na macho ya kuona kila mtu isipokuwa mimi.

Ningeweza kuacha. Ningeweza kuchukua grainda na karatasi za Mutua, nijaribu, hata nikosee. Lakini Abti Nuur alishapita akasifu, "Mwanangu Bare anafanya peke yake, mashaAllah," na sifa ile ilinifunga kuliko kamba. Basi nikafanya jambo ambalo mafundi wanalijua na hawapendi kulisema. Nikachukua vijiti vya kuchomelea, nikavigonga unga wake ukatoka, vikabaki vyuma vyembamba. Nikavikata vipande, nikavipanga ndani ya pengo, viwili, vitatu, nikavifunika kwa moto juu juu. Nikasugua kwa grainda mpaka pakang'aa. Nikapaka rangi ya kijani. Ukitazama, huoni kitu. Kilikuwa kiungo kizuri kuliko vyote vya Mutua, na ndani yake hamkuwa na kitu cha kumshika mtu.

Jumatano ikafika. Lori limeegeshwa mbele ya karakana, liende Griftu kupakia. Watu wa mnada wanapita, wengine wamesimama kutazama fremu mpya. Yasin ameshapanda juu, amekaa katikati, shuka begani, kibuyu cha maziwa kando, ananitania: "Walaal, ndugu yangu, umenitengenezea kiti cha mkuu wa wilaya!" Abti Nuur anacheka. Ndipo Mutua akatokea kutoka stendi ya basi, begi bado mkononi.

Hakusalimia mtu. Alizunguka lori mara moja. Akatoa nyundo ndogo mfukoni, akagonga kiungo cha pembeni alichokikata yeye, kikalia. Akagonga changu, kikatoa sauti ya kukohoa. Akagonga kingine changu, hivyo hivyo. Akageuka kwa Abti Nuur.

"Mzee, hii gari haiendi leo."

Wallahi hasira ilinipanda! Maneno niliyoyasema siku ile bado yananichoma. Nilimwambia ananionea wivu. Nilimwambia amekuja hapa mikono mitupu, tumemlisha, na sasa anataka kunizibia riziki. Nilimwambia aliiharibu mashine yangu. Nikamalizia kwa lile neno ambalo kila mtu alikuwa akilinong'ona na mimi nikalitoa hadharani: "Wewe si wetu!"

Abti Nuur akanitazama. Alikuwa mtu wa soko, amesikia uongo wa kila namna kuhusu umri wa ng'ombe.

"Bare," akaniambia, "viungo hivi ni vizima?"

"Vizima, Abti."

"Apa."

Nikaapa. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mchana kweupe, na mikono yangu yenye rangi ya kijani. Kwetu husema uongo hauna nyayo. Nilidhani maana yake ni kwamba hauonekani ulikopita. Maana yake ni kwamba hauna mahali pa kusimama.

Mutua hakubishana na kiapo. Alikwenda ndani ya karakana akatoka na nyundo kubwa, ile ya mpini mrefu, akanipa mikononi.

"Sawa. Wewe umesema ni nzima, mimi nimesema sio. Piga wewe. Hapo katikati, chini ya Yasin. Piga na nguvu yote. Ikikaa, mimi narudi Mwingi, hii karakana ni yako."

Nikapanda ubavuni mwa lori. Nikainua nyundo. Yasin alikuwa juu yangu kabisa, nyayo za viatu vyake vya tairi karibu na uso wangu. Hakusogea. Kwa nini asogee? Ndugu yake ameapa. Akaniambia, "Piga, walaal, tunachelewa."

Mikono ilikataa. Nilijiambia piga kidogo, nikajiambia piga pembeni, na bado haikushuka. Watu wote wananitazama. Jasho linaingia machoni. Na neno lililotoka mdomoni mwangu sikulipanga.

"Yasin, shuka."

Abti Nuur alifunga macho. Yasin alinitazama kwanza kama hajasikia, kisha akashuka polepole, upande wa pili, bila kunipa mgongo. Nami nikapiga. Pigo la kwanza rangi ikapasuka. La pili, bomba likachomoka, likaning'inia kwa upande mmoja, na vile vipande vya vijiti vikadondoka mchangani kimoja kimoja mbele ya watu.

Yasin aliinama akaokota kimoja. Akakigeuza kwenye kiganja. Kilikuwa chembamba kuliko sindano ya kushonea magunia.

"Hii ndiyo nilikuwa nikalie?" akaniuliza.

Nililia, mwanangu. Mwanamume mzima, sokoni, siku ya mnada.

Abti Nuur hakunipiga. Alifanya kitu kizito zaidi. Aliita wazee wawili waliokuwa pale akasema mtu ametukanwa utu wake hadharani, na kwa hiyo kuna haal. Haal ni fidia ya heshima. Kwetu hutolewa na ukoo kwa ukoo, mbele ya mashahidi. Mzee mmoja akauliza, huyu Mkamba ukoo wake uko wapi hapa wa kupokea? Abti akamjibu, "Amekula na sisi miaka thelathini. Ukoo wake leo ni mimi. Nitasimama upande wake, na Bare atatoa." Kwa hiyo mjomba wangu wa damu alikaa upande wa mtu niliyesema si wetu, na mimi nikasimama peke yangu upande wa pili na mbuzi niliyemvuta kwa kamba. Aibu ile sijapata kuiona tena, na naomba nisiione.

Mutua alimpokea mbuzi. Akanishika mkono. Kisha akasema kwa sauti ya chini, nisikie mimi tu, "Mimi nimemaliza. Lakini uliyemdanganya sio mimi. Enda kwa Yasin."

Nikaenda kwa Yasin. Kaka yangu hakutaka mbuzi. Alisema, "Tengenezeni upya. Nitapanda. Lakini safari ya kwanza utakaa wewe katikati, na mimi nitakaa pembeni nikutazame."

Usidhani Guled alitoroka. Alirudi mwenyewe aliposikia, kanzu imechafuka kwa haraka, akaapa hakujua. Na kweli hakujua! Mashine ile aliwauzia watengeneza viti wakamshukuru. Kwa bomba jepesi ilikuwa kifaa kizuri kabisa. Hakuwa mwongo, alikuwa muuzaji tu. Nikamwuliza Mutua kwa nini basi alimshuku. Akanishangaa. "Nani alimshuku? Mimi nilishuku mashine. Mtu nilimuuliza tu."

Guled alikuwa na kifaa kingine sandukuni, kisichopendeza, cha rangi ya kijivu: kinafungwa kwenye meza, kinashika bomba, na drili inazungusha msumeno wa duara wenye umbo la kikombe. Mutua alikichunguza asubuhi nzima, na Guled safari hii alingoja. Alishika ule mhimili unaobeba msumeno akautikisa huku na huku, kuona kama unacheza. Ulikuwa na beringi ndani, si bushi, kile kipete cha shaba kinachochakaa upesi, haukucheza. Akakaza skrubu ya pembe, ile inayoshikilia mwinamo wa mkato, akaigonga kwa ngumi kuona kama itateleza. Akapima kikombe kwa bomba letu lenyewe, kwa nje, si kwa jina lake dukani, maana bomba la maji linaloitwa la inchi mbili, nje linazidi inchi mbili, na kikombe cha inchi mbili kamili kingetuachia pengo lile lile. Mwisho akachukua bomba letu nene, la kutu, bovu kuliko yote, akakata polepole kwa mwendo wa chini, akidondosha mafuta. Akaliweka kwenye bomba la pili, akaliinua juani. Hakukupita mwanga. Ndipo akasema, "Hii tunaweza kununua." Na karatasi zake za katoni akanipa mimi, zote, bila hotuba. Hakuwa amenificha kitu. Alikuwa akingoja nijifunze kuogopa kwanza.

Tukafunga fremu upya. Kutoka Griftu hadi hapa nilikaa bomba la katikati, ng'ombe chini yangu, Yasin pembeni akinitazama bila kutabasamu. Kila shimo la barabara nilikuwa nasikiliza chuma kwa makalio. Tulipofika Garissa nilishuka nikashindwa kusimama wima. Yasin akanishika bega, akasema, "Sasa unajua."

Basi, mwanangu, shauri langu ni hili. Hicho kifaa cha kwenye simu yako sikukikataa, na sijakikubali. Mwambie anayekiuza akilete hapa, akate bomba letu, si lake. Akisema hana muda, wewe una muda. Akiapa, mpe chai, kisha umrudishe kwenye bomba. Uliza kimetengenezwa kwa unene gani, na usikubali jibu la "wowote", kwa maana kisu cha kila nyama hakijazaliwa. Tikisa mhimili. Gonga pembe. Pima nje ya bomba. Weka mdomo juani utafute mwanga. Na ukinunua halafu kikashindwa, sema kimeshindwa; hasara ya kifaa ni ndogo kuliko hasara ya kukitetea. Wala usimshuku mtu kwa kabila lake, wala usimwamini mtu kwa ukoo wake, katika jambo ambalo chuma chenyewe kinaweza kulijibu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilitafuta adui Mwingi na Nairobi, kumbe amevaa shati langu.

Na fremu yoyote itakayotoka mlangoni humu kwa mkono wako, wewe utakuwa wa kwanza kuikalia. Hilo si shauri, hilo ni sharti.

Mwenyezi Mungu akubariki, mwanangu. Akupe jicho la kuona pengo dogo na moyo wa kulitaja. Akuepushe na sifa zinazokuja kabla kazi haijakamilika. Na kila atakayekaa juu ya kazi ya mikono yako, iwe umemjua au hujamjua, Mungu amjaalie ashuke kwa miguu yake mwenyewe, aende nyumbani kwa mama yake. Amin.